Mwalimu Lakunle na Uhakiki wa Kukariri

Mtihani wa Kidato cha Nne ni mmoja. Mtoto wa Micheweni na mtoto wa Sibwesa, katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, hukaa siku moja, saa moja, mbele ya karatasi ile ile ya Baraza la Mitihani la Tanzania. Kwa hiyo msomaji wa visiwani asidhani kwamba habari ya Sibwesa ni habari ya bara ya mbali isiyomhusu. Maradhi ni yale yale. Umbali wa huko umeyavua nguo tu, nasi tukayaona.

Maradhi yenyewe ni haya: tunajidai kufundisha fasihi na uhakiki katika somo la Kiingereza, ilhali tunachofundisha ni kukariri hoja za watu wengine juu ya vitabu ambavyo mwanafunzi hakuvisoma.

Kwa miaka mingi karatasi ya Kiingereza imemwekea mtahiniwa orodha ya vitabu. Humo zimo riwaya kama Passed Like a Shadow ya B. M. Mapalala na Unanswered Cries ya Osman Conteh. Zimo tamthilia kama The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka. Na umo ushairi wa Okot p'Bitek, Song of Lawino. Kisha hutolewa kauli ya jumla, mathalani kwamba fasihi ni kioo cha jamii, au kwamba mwanamke huonewa, na mara nyingi mtahiniwa hutakiwa aithibitishe kwa vitabu viwili, hoja tatu kwa kila kimoja. Haulizwi kama kauli ile ni ya kweli. Haulizwi kwa nini mwandishi amechagua neno hili akaliacha lile. Hoja tatu mara mbili ni sita, na sita hukaririka. Ndiyo maana vijitabu vya majibu, hayo yaitwayo madesa, vina soko kuliko riwaya zenyewe. Nani atanunua kitabu kizima iwapo alama zinapatikana katika kurasa nne?

Wanaoadhibiwa na mtindo huu si walio karibu na maktaba na maduka ya vitabu. Hao, wakipenda, watasoma. Anayeadhibiwa ni kijana wa shule ya kata ya pembezoni, ambaye riwaya huijua kwa maneno ya ubaoni tu. Huyo huambiwa amesoma fasihi, hupewa alama za fasihi, wala hajapata kukutana na ukurasa mmoja uliomchekesha au kumkasirisha. Amedhulumiwa, tena amepewa stakabadhi ya dhuluma yake.

Kinaya ni kwamba vitabu hivyo hivyo vinatusuta. Katika tamthilia ya Soyinka, mwalimu wa shule, Lakunle, anataka kumwoa Sidi kwa maneno makubwa ya Kiingereza yaliyotoka kamusini. Tena kamusi yake ni ile ndogo, na ile kubwa ameshaiagiza. Hadhira hucheka. Lakini tazama darasa letu: mwalimu ameandika ubaoni kwamba Lakunle ni mtu aliyeiga usasa bila kuuelewa, na wanafunzi arubaini wananakili sentensi hiyo bila kuielewa. Lakunle hayumo tena kitabuni. Ndiye anayefundisha.

Kadhalika Lawino. Okot aliutunga utenzi wake kwa Kiacholi, akautafsiri mwenyewe, na tafsiri ya Kiingereza ikachapishwa mwaka 1966, kabla ya matini ya Kiacholi iliyotoka 1969. Ni kilio cha mwanamke ambaye mumewe, Ocol, anaionea haya lugha na desturi ya kwao. Utenzi huo huchambuliwa katika shule ambamo mtoto wa Kibende au wa Kitongwe hapati nafasi ya kusimulia hadithi moja ya bibi yake, na ambamo kuulizana kwa Kiswahili maana ya ubeti huhesabiwa utovu wa nidhamu. Tumemkaribisha Lawino darasani, kisha tukamkabidhi Ocol chaki.

Najua jibu litakalokuja: fasihi imewekwa pale ili kufundisha Kiingereza, nacho ni lugha ya dunia. Sikikatai Kiingereza. Lakini lugha hujengwa kwa kusoma kwa wingi na kusema lililo moyoni, na madesa hayana hata moja kati ya hayo. Wala tatizo si jipya. Tume ya Jackson Makweta ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari, serikali haikutekeleza. Mwaka 1984 Criper na Dodd, wataalamu waliotoka Uingereza kwenyewe, walieleza kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakukimudu Kiingereza kiasi cha kusomea. Kumtaka kijana ahakiki kwa lugha asiyoimudu ni kumtaka aogelee huku amefungwa mikono, kisha kumshangaa akishikilia ubao wa mwenziwe.

Wengine watasema kijana wa Katavi anahitaji ujuzi wa kazi, mashairi ni anasa. Waama, uhakiki ni ujuzi wa kazi. Ni kuuliza: nani anasema, kwa faida ya nani, na ushahidi wake uko wapi? Mkulima anayetiwa mkataba mbele yake, au mpiga kura anayehutubiwa jukwaani, anauhitaji kama anavyohitaji jembe.

Basi nataka mambo matatu, na mabadiliko ya mitaala yaliyoanza kutekelezwa mwaka 2024 yanatuondolea udhuru. Kwanza, mtihani uchapishe kifungu ambacho mtahiniwa hajapata kukiona, aulizwe juu ya maneno yaliyo mbele yake. Hapo madesa yatakufa siku moja. Pili, vitabu vipungue orodhani, viongezeke mikononi: riwaya moja kwa kila mtoto yafaa kuliko majina kumi ubaoni. Tatu, mjadala uruhusiwe kwa Kiswahili kabla ya insha kuandikwa kwa Kiingereza, na Lawino asomwe pamoja na Wasakatonge ya Mohammed Seif Khatib, mshairi wa visiwa hivi, ili mtoto aone kwamba uhakiki hauna pasipoti. Nyerere aliyemleta Shakespeare katika Kiswahili, akatupa tafsiri ya Julius Caesar mwaka 1963, hakuona lugha hizi mbili kuwa wake wenza wasiosemezana.

Hayo hayangoji wafadhili. Swali la mtihani hubadilishwa kwa kalamu, na kalamu hiyo i mikononi mwa watu tunaowajua vyeo vyao. Kila mwaka wanaoacha kuibadilisha, wanawatunuku maelfu ya vijana alama za vitabu wasivyovisoma, halafu tunakaa barazani kulalamika kwamba kizazi hiki hakisomi.