Miti Yarudi, Msitu Je?

Nchi ya Rwanda ni ndogo, na watu wake ni wengi. Mwaka 2019 serikali yake ilipima misitu yote, ikatangaza kwamba imefunika sehemu 30 na kidogo zaidi katika kila sehemu 100 za nchi. Wengi walifurahi, nao walikuwa na haki, maana miti ile ni matunda ya jasho la miaka mingi. Lakini hesabu hiyo yatupasa kuisoma kwa makini. Zaidi ya nusu ya misitu hiyo ni miti iliyopandwa kwa mikono ya watu, hasa mikaratusi. Msitu wa asili, ule usiopandwa na mtu, ni jambo jingine. Ili tuelewe tofauti hiyo, tuutazame msitu wa Gishwati, katika milima iliyo mashariki ya Ziwa Kivu, si mbali na Goma.

Katika miaka ya 1970 msitu ule ulikuwa na hektari zipatazo 28,000. Uliliwaje? Wazee husema: bandu bandu huisha gogo. Jamaa zenye njaa ya ardhi zilifyeka kandokando yake na kulima. Kisha, katika miaka ya 1980, sehemu kubwa iligeuzwa kuwa malisho ya ng'ombe na mashamba ya misonobari, katika mpango uliosaidiwa na fedha za Benki ya Dunia. Baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi ya mwaka 1994, watu wengi walirudi kutoka nchi za nje, hata kutoka Kongo, wengine pamoja na mifugo yao. Walihitaji mahali pa kukaa, shamba na kuni, nao wengi walipewa makao huko. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki hektari 600 tu hivi. Enyi wanafunzi, fanyeni hesabu wenyewe: katika kila hektari 100 zilisalia 2.

Je, tuwalaumu watu wale? Hapana. Mzazi ambaye watoto wake hawajala hawezi kungoja mti ukue. Lakini mlima haujui shida ya mtu. Pale penye msitu, majani huvunja nguvu ya mvua. Takataka za majani yaliyooza hunywa maji kama sifongo na kuyatoa polepole katika chemchemi. Mizizi ya kila namna, mirefu na mifupi, hushika udongo. Msitu ukiondoka, mvua hupiga udongo mtupu, na maji yote hushuka kwa mara moja.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa mno ilinyesha magharibi na kaskazini ya Rwanda. Mto Sebeya, ushukao kutoka upande wa milima hiyo hata Ziwa Kivu, ulifurika, na vilima vikaporomoka. Watu zaidi ya 130 walikufa nchini. Siku iliyofuata msiba ulivuka mpaka: huko Kalehe, katika Kivu ya Kusini, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vilifunikwa na maji, matope na mawe, na watu zaidi ya 400 walipoteza maisha. Hatusemi kwamba miti peke yake ingaliweza kuizuia mvua ile. Twasema kwamba mlima uliovuliwa nguo zake hauna la kujikinga.

Tangu mwaka 2008 hivi watu walianza kuuponya Gishwati. Walipanda miti ya kienyeji, nao wakaacha sehemu nyingine zijiotee zenyewe. Mwaka 2015 sheria iliuunganisha na msitu wa Mukura kuwa hifadhi moja ya taifa. Leo sehemu ya Gishwati ina hektari zipatazo 1,500, na sokwe wachache waliosalia wangali wakiishi humo. Ni habari njema. Hata hivyo, tulinganishe 1,500 na 28,000, ndipo tutakapojua jinsi njia ya kurudi ilivyo ndefu.

Basi, mikaratusi ni mibaya? La. Hukua upesi, hutoa nguzo, mbao, kuni na makaa. Jamaa iliyo na miti yake kando ya shamba haina haja ya kwenda na shoka katika msitu wa zamani. Hiyo ndiyo kazi yake, nayo ni kazi ya heshima. Tusiipande tu karibu na chemchemi, maana hunywa maji mengi. Lakini safu za mkaratusi hazina kivuli cha tabaka nyingi, wala dawa za wazee, wala matunda ya sokwe. Shamba la miti hupatikana kwa miaka michache. Msitu wa asili huhitaji maisha ya watu wengi wakifuatana.

Kongo ingali na misitu mikubwa kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na kwa sababu hiyo twaweza kudhani haitakwisha. Watu wa Gishwati nao, walipokuwa na hektari 28,000, hawakuona kosa katika kukata moja. Tupande miti kwa ajili ya jiko letu, na tupande mingi. Lakini ule msitu ambao hatukuupanda, tuwaachie watoto wetu ukiwa umesimama.