PICHA YA KUCHEKESHA SI LAZIMA IWE YA WATOTO

Wananchi, wiki iliyopita nilikuwa katika kazi ya chama, nikapita penye kibanda cha picha mtaani kwetu, saa tatu usiku. Ndani nilikuta watoto wa darasa la pili na la tatu wamebanana na watu wazima. Picha iliyokuwa ikionyeshwa ni Gremlins, ya Marekani. Nikamwuliza mzazi mmoja kama aona vema mwanawe kuitazama. Akanijibu, "Ndugu, hii ni ya kuchekesha tu." Jibu hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Picha hiyo ya Joe Dante, iliyotolewa Juni 1984, yaanza kwa upole. Kijana apewa na babake zawadi ya Krismasi: kinyama chenye manyoya na macho ya huruma. Masharti ni matatu: kisipigwe na mwanga mkali, kisiloweshwe maji, kisilishwe baada ya saa sita za usiku. Masharti yavunjwa, na kutokana na kinyama hicho wazaliwa mashetani wadogo wanaoua watu. Mama mwenye nyumba apambana nao jikoni: mmoja amsaga kwa mashine, mwingine amchoma kisu, mwingine amfungia ndani ya maikrowevu hata apasuke. Bibi kizee tajiri arushwa dirishani. Msichana asimulia jinsi babake alivyokufa amekwama katika dohani, amevaa nguo za Baba Krismasi. Na karibu yote hayo yametengenezwa ili tucheke.

Nakiri kuwa mimi nilicheka. Si picha mbaya. Pale mashetani wanapojaa ukumbi wa sinema wakiimba pamoja na Snow White, ni sisi watazamaji tunaokejeliwa. Lakini kejeli yataka akili iliyokomaa. Mtu mzima hucheka kwa kuwa ajua kifo si mchezo. Mtoto wa miaka saba hajalijua hilo. Aonalo ni kwamba kiumbe kikipasuka, wakubwa hufurahi.

Msidhani jambo hili ni letu peke yetu. Wakaguzi wa Marekani waliipa picha hiyo cheti cha PG, yaani watoto waweza kuiona kwa uangalizi wa wazazi. Wazazi wakawaleta watoto wadogo kwa ajili ya kinyama cha manyoya, na malalamiko yakazuka. Picha hiyo, pamoja na ile ya Indiana Jones ya mwaka huohuo, ndizo zilizoleta cheti kipya cha PG-13, Julai 1984. Aliyetoa shauri ni Steven Spielberg, mwenye mkono katika picha zote mbili. Uingereza waliipa cheti cha miaka 15. Picha ni moja, hukumu ni mbili! Basi muhuri ni msaada; haushiki nafasi ya mzazi.

Wako watakaosema twataka kurudisha ukaguzi wa mkoloni. Hasha! Katika Tanganyika na Kenya za wakati ule, zilikuwako picha walizoruhusiwa wengine akakatazwa Mwafrika, hata kama ni mzee mwenye wajukuu. Mkoloni alituhesabu sote kuwa watoto. Wazee wetu waliikataa dharau hiyo. Lakini anayekataa kuitwa mtoto sharti aifanye kazi ya mtu mzima. Tangu 1976 Tanzania ina sheria yake yenyewe ya filamu, lakini hakuna bodi iwezayo kuketi katika kila kibanda.

Hukumu yangu ni hii. Gremlins haiwafai watoto walio chini ya miaka 12. Aliyefika umri huo na aitazame na mzazi kando yake, kisha aulizwe: umecheka nini, na kwa nini? Mzazi asiyeijua picha aitazame kwanza yeye. Mwenye kibanda si adui, atafuta riziki. Na awaonyeshe watoto picha zao mchana, usiku awarudishe nyumbani. Na sisi wa matawi twende tuzungumze naye kwa heshima, bila vitisho.

Samaki mkunje angali mbichi. Kibanda kitafungwa usiku na mwenyewe ataenda kulala. Mtoto atarudi nyumbani na alichokiona. Nani atamweleza?