Jicho la Mbwa Likiingia Ukungu

Mbwa wa nyumbani hulala mlangoni, hula makombo, na akibweka usiku wenye nyumba huamka. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za Busia na Tororo, mijini na kambini, macho yake hayatazamwi mpaka siku atakapojigonga ukutani.

Kumtazama si kazi kubwa. Asubuhi, kukiwa na mwanga wa kutosha, mwenye mbwa na amshike kidevu kwa upole, ayalinganishe macho yote mawili. Jicho zima hung'aa, hufunguka sawa na la pili, wala weupe wake hauna wekundu. Tongo dogo pembeni si neno. Vumbi la malori yanayongoja kuvuka mpaka latosha kulileta. Lifutwe kwa pamba iliyoloweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yaliyotiwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila nusu lita. Kila jicho liwe na pamba yake.

Matongo yakiwa ya manjano au ya kijani, au mbwa akilifumba jicho na kulikuna kwa ukucha, maji ya chumvi hayatoshi. Huenda kuna punje ya nyasi ndani, au kidonda. Asitiwe maji ya tumbaku, wala dawa ya macho ya binadamu iliyosalia kabatini. Baadhi ya dawa hizo hutuliza wekundu, lakini juu ya kidonda huweza kusababisha jicho kutoboka. Ametemewa mate na swila? Hapo hakuna kungoja: jicho lioshwe mara moja kwa maji safi mengi, kwa muda wa robo saa, ndipo apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Lakini dalili inayostahili kuogopwa zaidi katika nchi hii ya mpakani haina matongo mengi wala kelele. Ni ukungu wa rangi ya maziwa au buluu unaotanda mbele ya jicho, juu ya ule utando ulio angavu kama kioo. Usichanganywe na mtoto wa jicho wa mbwa mzee, ambaye weupe wake huonekana ndani, nyuma ya mboni. Ukungu huu wa mbele, hasa ukiandamana na homa, kukonda, ufizi kupauka na tezi za shingoni kuvimba, huenda ukawa nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o.

Tororo si mgeni wa jambo hili. Katika siku za Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977, hapo ndipo zilipokuwa maabara za EATRO, taasisi iliyochunguza malale na nagana kwa ajili ya nchi zote tatu. Mbung'o wa huku hupenda vichaka vya kandokando ya maji, kama vile mito Sio na Malaba, na huuma mchana, saa zile zile watoto wanapoteka maji na mbwa akiwafuata nyuma.

Hapo ndipo penye hatari. Mbwa aweza kubeba vijidudu vile vile vinavyomtia binadamu malale, na malale ya upande huu wa mashariki huua kwa muda wa miezi tu yasipotibiwa. Kweli, wagonjwa wamepungua sana. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba nchini Kenya malale si tishio tena kwa afya ya umma. Mbung'o, hata hivyo, hakuhama. Kwa hiyo katika nyumba yenye mbwa wa namna hiyo, mtu akishikwa na homa isiyosikia dawa ya malaria, na apimwe damu, tena amweleze mganga habari za mbwa.

Askari aliyehamishiwa kituo cha mtoni na mbwa wake ajue kwamba mbwa huyo asiyetibiwa aweza kufa kwa majuma machache. Bwana Mifugo atapima damu na kuchoma sindano. Ukungu hukawia kuondoka, na pengine huacha kovu. Dawa iliyozoeleka haifiki vizuri ndani ya jicho wala ubongoni. Kwa hiyo ukungu ukirudi, au mbwa akianza kuzungukazunguka kama mlevi, arudishwe siku hiyo hiyo.