Uzuri wa rangi usituhadae, tuchunguze chembe zake

WAHENGA walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nilikumbuka usemi huo katika shule moja ya msingi nilikoalikwa siku ya wazazi. Madarasa yalikuwa yamepakwa rangi upya kwa ajili ya sherehe, na kila mgeni aliyasifu. Lakini tulipoinuka kwenda zetu, wazee waliokuwa wameegemea ukuta waligeuka kichekesho cha wanafunzi. Migongo ya makoti yao ilikuwa myeupe kama ya wasaga unga.

Mwalimu mkuu aliomba radhi, akasema rangi ilikuwa haijakauka. La hasha! Rangi mbichi hunata, na ile haikunata bali ilipukutika. Ilikuwa imekauka zamani. Iliyokosekana ni gundi.

Ninashikilia kwamba kutojua kilichomo ndani ya kopo la rangi kunatutia hasara tatu: ya mfuko, ya afya ya watoto wetu, na ya taifa. Dawa ya hasara hizo haiko mbali. Iko darasani, ukutani, mbele ya macho ya mwalimu na wanafunzi wake.

Tuanze na mfuko. Rangi ya ukuta ni mchanganyiko wa vitu vinne. Kuna chembe za rangi zinazoleta weupe, wekundu au umanjano. Kuna unga wa kujazia, aghalabu wa mawe ya chokaa yaliyosagwa. Kuna gundi ya kuvishikanisha. Na kuna maji au mafuta ya kuzimulia, ambayo hugeuka mvuke na kutoweka. Kinachobaki ukutani ni gundi iliyobeba chembe, mithili ya saruji iliyobeba kokoto. Kila mwashi anajua kwamba ukizidisha kokoto na kupunguza saruji, nyumba itaporomoka. Rangi nayo ina kikomo chake. Chembe na unga vikizidi kiasi ambacho gundi inaweza kukijaza, matundu ya hewa hubaki katikati yake. Hapo ndipo ukuta huanza kuwapaka watu unga, kunywa maji ya mvua na kubambuka.

Kwa nini basi rangi hiyo dhaifu hupendeza siku ya kwanza? Jibu limo katika somo la nuru. Chembe huficha ukuta kwa kuipinda na kuitawanya nuru, na huweza kufanya hivyo zikiwa tofauti mno na kitu kinachozizunguka. Oksidi ya titani ya aina ya rutile, ambayo ndiyo chembe nyeupe bora kuliko zote, hupinda nuru kwa kipimo cha takriban 2.7, ilhali gundi ina takriban 1.5. Unga wa chokaa unakaribiana sana na gundi, kwa hivyo ukizama ndani yake hauonekani. Mtengenezaji mjanja hupunguza titani iliyo ghali, akazidisha unga, akaiachia hewa iliyomo matunduni kazi ya kuleta weupe. Kipimo cha hewa ni 1, nao unga ukizungukwa na hewa hung'aa.

Mwalimu anaweza kuubainisha ujanja huo bila maabara. Andika ubaoni kwa chaki, kisha pitisha kitambaa chenye maji juu ya maandishi pasipo kuyasugua. Yatafifia, na maji yakikauka yatarejea. Nyunyiza maji kwenye ukuta uliopakwa rangi hafifu nao utafanya vivyo hivyo: maji yakiingia mahali pa hewa, doa la zamani litachungulia. Kisha sugua ukuta mkavu kwa kitambaa cheusi. Kitambaa hakijui kusema uongo.

Wako watakaodai kwamba shule zetu ni maskini na haziwezi kumudu rangi ya bei ya juu. Hoja hiyo ni nzito, lakini na tuipige hesabu. Tuseme kopo moja linauzwa bei maradufu ya jingine, nalo linadumu miaka minne pahali pa mmoja. Ni shule ipi iliyotumia pesa nyingi zaidi ifikapo mwaka wa nne? Na fundi naye hulipwa kila anapoitwa.

Wingi wa chembe si jambo la pekee. Ukubwa wake nao una neno, na hapa ndipo elimu ya nano inapoingia. Nanomita moja ni mita iliyogawanywa mara bilioni. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 50,000 hadi 100,000. Chembe ya titani huleta weupe mkali zaidi ikiwa na upana wa nanomita 200 hadi 300, yaani karibu nusu ya wimbi la nuru tuionayo. Isage hadi makumi machache ya nanomita, na weupe utatoweka. Hata hivyo, itaendelea kuizuia miali ya urujuanimno ya jua. Ndiyo maana chembe hizo ndogo hutiwa katika vanishi angavu za mbao na katika mafuta ya kukinga ngozi. Kitu ni kile kile, lakini tabia imebadilika kwa sababu ya kimo tu.

Msomaji asidhani haya ni mazungumzo ya wataalamu wa ng'ambo. Masizi yaliyo chini ya sufuria zetu ni chembe za kaboni zenye upana wa makumi ya nanomita. Jamaa yake, kaboni nyeusi ya viwandani, ndiyo huchanganywa katika plastiki ya matangi meusi ya maji ili jua lisiyapasue.

Hata hivyo, udogo una gharama yake. Chukua mchemraba wa sentimita moja, ambao nyuso zake zote ni sentimita mraba 6. Ukate vipande vya nanomita 100 kila upande. Jumla ya nyuso itakuwa mita mraba 60, sawa na sakafu ya darasa la mita 10 kwa 6. Nyuso zote hizo zahitaji gundi, na chembe zenyewe hupenda kushikana na kuwa madonge. Zikitawanywa vyema, chembe za silika huongeza ugumu wa rangi isikwaruzwe. Zikirundikana, huwa kasoro. Isitoshe, titani ikipigwa na jua huweza kuchochea kuvunjika kwa uchafu, na hata kwa gundi inayoibeba. Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walionyesha nguvu hiyo ya nuru mwaka wa 1972, walipoyapasua maji kwa kutumia oksidi ya titani. Kwa sababu hiyo chembe za rangi za nje huvikwa ganda jembamba la silika au alumina. Muuzaji akijigamba kwamba rangi yake ina nano, muulize: nano ya nini, na kwa kazi gani?

Hasara ya pili ni chungu zaidi. Kwa karne nyingi weupe ulitokana na madini ya risasi, na kromati ya risasi ikaleta manjano ya kuvutia. Hatari yake haikugunduliwa jana: mwaka wa 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kudhibiti risasi nyeupe katika kazi ya kupaka rangi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Sumu hiyo hudhuru ubongo wa mtoto, nao mtoto huila kwa vumbi la vidoleni. Kenya imeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni za rangi. Lakini sheria haiwezi kuikwangua rangi iliyopakwa kabla yake kwenye pembea na madirisha. Kwa hivyo rangi kuukuu isipigwe msasa ikiwa kavu huku watoto wakicheza karibu. Ilowanishwe kwanza, na vumbi likusanywe.

Hasara ya tatu ni ya taifa. Tangu Februari 2014 meli zilipakia Likoni madini ya ilmenite na rutile yaliyochimbwa Kwale, hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Hayo ndiyo madini yanayozaa ile chembe nyeupe. Yalivuka bahari yakiwa mchanga. Thamani ya kopo haimo katika mchanga, bali katika maarifa ya kuusafisha, kuupima na kuuvika ganda. Tuliuza tulichopewa na Mungu, tukanunua walichojua wenzetu.

Ninawasihi walimu wa kemia na fizikia wautumie ukuta kuwa kitabu. Nao wasimamizi wa shule wasinunue rangi kwa kuitazama tu. Waulize kiasi cha risasi, kisha wajaribu sehemu ndogo kwa maji na kitambaa cheusi kabla ya kulipia makopo mengine. Mwanafunzi aliyejifunza kuuliza kilichomo ndani ya mkakasi leo ndiye atakayejua kesho la kufanya na mchanga wetu.