AJALI YA JUKWAANI INA KINGA

Ndugu wanachama,

Wiki ijayo kazi ya kupaua ghala letu inaanza tena. Kabla fundi yeyote hajapanda, tuseme ukweli juu ya kijana wetu aliyeanguka pale akafariki. Msibani wengi walisema, "Ajali haina kinga." Na sisi wa kamati ya ujenzi tulisema hivyo hivyo. Leo tunasema tulikosea.

Tuulizane jamani, lile jukwaa lilikuwaje? Mirunda ilikuwa ya zamani, mingine imeliwa na mchwa. Mbao za kukanyagia zilikuwa mbili tu, tena hazikupigiliwa misumari. Upande wa nje hapakuwa na mti wa kumzuia mtu. Fundi alilalamika, tukamjibu eti kazi yenyewe ni ya siku mbili, avumilie. Fedha za mabati zilipatikana, za mbao zikakosekana! Hiyo ndiyo ajali isiyo na kinga?

Wengine wanasema ghala si ghorofa. Ndugu, anayeanguka kutoka mita 5, pale kwenye kenchi, anafika chini kwa sekunde 1 tu, kwa mwendo wa kilometa 35 kwa saa. Hana nafasi hata ya kushika kitu. Duniani kote, kuanguka kutoka juu ni moja ya sababu kubwa za vifo vya wajenzi.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake. Ile ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inawapa haki wategemezi wa aliyefia kazini. Na mwajiri hapa ni nani? Ni sisi. Mjane tulimpelekea rambirambi na gunia la mahindi. Rambirambi si fidia. Suala lake lipelekwe Mfuko wa Fidia mapema, lisingoje msimu wa mauzo.

Kwa hiyo tunaomba mkutano wa Jumamosi upitishe haya:

1. Inunuliwe mirunda mizima na kamba mpya. Mbao zijaze upana wote wa jukwaa na zifungwe.

2. Upande wa nje uwekwe mti wa kuzuia, usawa wa kiuno, kama mita 1.

3. Ngazi ifungwe juu. Kila mita 4 za kwenda juu, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani.

4. Mvua ikinyesha au upepo ukizidi, watu washuke. Fundi au saidia fundi akikataa kupanda jukwaa bovu, asikatwe ujira wake.

Mabati yangoje. Hayaozi.

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Basi na ashuke kwa miguu yake, arudi kwa watoto wake.

Asiyeweza kusoma asomewe.

Kamati ya Ujenzi