Kipimo kimoja hakimtoshi mtoto wa miezi saba

Msomaji, huenda umewahi kuketi nje ya wodi ya watoto wachanga ukingoja jibu la damu ya mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimiza wiki 37. Jibu likaja: hakuna kitu. Mkamshukuru Mungu. Usiku uo huo mtoto akakataa kunyonya, mwili ukapoa, pumzi ikawa inakatika.

Maabara haikudanganya. Ilipima mapema mno. Kinachotafutwa mara nyingi katika damu hiyo ni protini iitwayo CRP, ambayo hutengenezwa na ini viini vinapoingia mwilini. Lakini ini halifanyi kazi hiyo papo hapo. Hupita saa 6 hadi 12 kabla ya CRP kuanza kupanda, na kwa kawaida hufika kilele siku ya pili. Ini la mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ni changa. Huenda lisiitoe ya kutosha hata akiwa mahututi. Tena wako wanaopanda CRP bila viini vyovyote, kwa taabu ya kuzaliwa tu.

Kwa hivyo ukipewa jibu, uliza damu ilitolewa saa ngapi, na itapimwa tena lini. Yafaa irudiwe baada ya saa 24 hivi. Na mtoto akilegea, akikataa titi au akipumua kwa shida, aanzishiwe dawa za kuua bakteria bila kungoja karatasi. Viini vikienea katika damu ya mtoto wa kilo moja, saa chache zaweza kumwua, na anayepona huenda akabaki na madhara ya ubongo.

Vilevile, vipimo vikirudi chini na mtoto ananyonya vyema, daktari akitaka kusimamisha sindano msigombane naye. Wengi wetu hudhani sindano nyingi ndiyo matibabu. Bakteria huzizoea dawa hizo, na mtoto wa kesho akakosa ya kumponya.

Lakini kipimo cha pili kitafanywa wapi? Kuna hospitali ambazo maabara hufungwa jioni, naye baba akatumwa mjini na kichupa cha damu mfukoni. Kaunti zimesimamia hospitali hizo tangu 2013, na kukata utepe wa wodi mpya zinajua sana. Sasa ziajiri mtaalamu wa maabara wa zamu ya usiku, na zimnunulie kemikali za kupimia.