Mababu Zetu Hawakuwa na Kigugumizi

Lugha ya taifa ni mali ya taifa zima. Na fasihi itungwayo kwa lugha hiyo haina budi kumheshimu kila mwananchi, aliye hai na aliyekwisha kufa. Twasema hivyo kwa sababu ipo tabia miongoni mwa baadhi ya watunzi na waigizaji wetu ambayo tusipoikemea itageuka kuwa kawaida. Wanapotunga hadithi za kale za Mbeya na Iringa, humwekea mzee wa Kihehe, wa Kisafwa au wa Kinyakyusa kinywani mwake Kiswahili kilichovunjika: r zote zimekuwa l, ngeli zimepotea njia, na sentensi haifiki mwisho. Watu hucheka, na mtunzi hujisifu kwamba ameleta uhalisi.

Sisi twauliza: huo ni uhalisi wa nani?

Na tuitazame historia. Tarehe 17 Agosti, 1891, jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski lilishambuliwa na Wahehe pale Lugalo, na Zelewski mwenyewe akauawa. Vita hivyo Wahehe walivipanga kwa Kihehe, lugha iliyokamilika, yenye methali, mafumbo na taratibu zake za heshima. Mchafuko wa ndimi ulikuwa upande wa pili, ambako maofisa wa Kijerumani waliwaamuru askari walioajiriwa kutoka Sudani na Msumbiji. Kama yupo aliyebabaika kwa maneno siku ile, hakuwa Mhehe aliyekuwa kwao. Kadhalika, wamisionari wa Moravian walipofika Rungwe mwaka huo huo wa 1891, wao ndio waliolazimika kujifunza Kinyakyusa. Mwanafunzi alikuwa mgeni, na mwalimu alikuwa mwenyeji.

Basi Kiswahili tukiandikacho katika kinywa cha mutwa wa Uhehe au malafyale wa Unyakyusa ni tafsiri. Na tafsiri ya usemi fasaha haiwezi kuwa usemi mbovu. Mwalimu Nyerere alipozitafsiri tamthilia za Shakespeare, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, hakuwafanya Warumi waseme kwa kubabaika ati kwa kuwa Kiswahili hakikujulikana Roma. Hata Shylock, Myahudi anayetukanwa kwa ajili ya asili yake, hujitetea kwa lugha iliyonyooka. Aniceti Kitereza naye alipoitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili riwaya yake ya Kikerewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, iliyochapishwa mwaka 1980, hakuwageuza Wakerewe kuwa vichekesho. Je, Kaizari wa Roma apewe Kiswahili fasaha, na Mkwawa wa Kalenga anyimwe?

Wapo watakaotujibu kwamba lafudhi ni jambo la kweli. Hatulikatai. Katika mashamba ya chai ya Mufindi na machimbo ya dhahabu ya Lupa, enzi za Waingereza, walikutana watu wa lugha nyingi, na Kiswahili kilikuwa daraja lao. Mtunzi wa hadithi ya mahali hapo ana haki ya kuonyesha namna kila mmoja alivyolivuka daraja hilo. Lakini tunasisitiza neno hili: kila mmoja. Bwana shamba wa Kizungu, ambaye Kiswahili chake mara nyingi kilikuwa cha amri tupu, naye asikike jinsi alivyosema. Kibarua akipewa lafudhi na bwana wake akapewa Kiswahili sanifu, huo si uhalisi, ni kasumba. Huko Marekani, katika karne ya 19, wazungu walijipaka masizi usoni na kuuigiza jukwaani usemi wa watu weusi ili kuwachekesha wazungu wenzao. Silaha hiyo twaijua. Haifai tuiokote na kujielekezea wenyewe.

Tena, wanaocheka l na r wakumbuke kwamba jina la Iringa lenyewe husimuliwa kuwa limetokana na neno la Kihehe lilinga, maana yake ngome. Wageni ndio walioshindwa kulitamka.

Liko pia suala la matusi ya ukoloni. Wengine wangependa maneno kama mshenzi na boi yafutwe katika hadithi za zamani hizo. Sisi hatukubaliani nao. Maneno hayo yalitamkwa, na kuyaficha ni kumsafisha mkoloni. Yabaki, lakini yabaki kinywani mwa aliyeyasema. Pale msimulizi mwenyewe anapoyaazima ndipo anapohamia kambi ya adui. Ndivyo ilivyo hata kwa vyeo. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulimwita Mkwawa sultani. Mtunzi wetu halazimiki kuufuata. M. M. Mulokozi aliiita tamthilia yake ya mwaka 1979 Mukwava wa Uhehe, na jina hilo peke yake ni somo.

Kwa hiyo twawataka watunzi, wahariri na walimu wa sanaa wafanye kazi, wala wasitafute njia ya mkato. Waende Kalenga, waende Tukuyu, wawasikilize wazee wakisema lugha zao. Wajifunze wanavyosalimia, wanavyokemea, wanavyoomboleza. Kisha warudi na Kiswahili kinacholingana na hadhi hiyo.

Fuvu linaloheshimiwa kuwa la Mkwawa lilirudishwa Kalenga mwaka 1954, baada ya kukaa ugenini zaidi ya nusu karne. Fuvu halisemi. Sauti yake haina budi kurudishwa na sisi, nayo irudi nzima.